Mashine Iliyoona Haya Kuniambia Kosa

Shule niliiachia darasa la nne, na hata hilo la nne sikulimaliza. Ng'ombe wa baba walikosa mchungaji, nikapatikana mimi. Nasema hili mapema ili mtu asije akafika katikati ya maneno yangu akauliza, mbona mzee huyu anaeleza habari za kompyuta kama anaeleza habari za mbuzi? Ndivyo nilivyoijua. Ililetwa, ikafungwa kwa waya kwenye mashine yangu, nikaishi nayo msimu mmoja wa alizeti, na nusura inifukuzishe kazi kwa wingi wa adabu zake.

Nianze na mashine. Ilikuwa ya kukamua alizeti, pale Iguguno, kando ya barabara kubwa. Zamani ilikuwa ya ushirika. Ushirika ukafa, mashine ikakaa gizani miaka, popo wakazaliana juu yake mpaka ikabadilika rangi. Halafu ikaja ile enzi ya kila kilichokuwa cha wote kutafutiwa mwenyewe, na mashine nayo ikapata tajiri. Siku alipokuja kuikagua nilikuwa nimejilaza juu ya magunia matupu, maana nilikuwa naendelea kuripoti kazini ingawa hapakuwa na wa kumripotia. Akauliza, "Na huyu?" Akajibiwa, "Huyu ndiye anayejua inavyowashwa." Akasema, "Basi na yeye aingie kwenye orodha." Kwa hiyo nikisema mimi nilibinafsishwa, sitanii.

Kazi yangu ilikuwa kuiwasha, kuilisha na kuisikiliza. Ndani yake kulikuwa na parafujo kubwa kama mguu wa mtu, inazunguka kwenye bomba. Alizeti inaingia juu, mafuta yanachuruzika chini, mashudu yanatokea mbele yamebanwa kama ulimi. Beringi ikikosa grisi inalia nyii. Jiwe likiingia inagonga. Mkanda ukilegea unapiga makofi. Nilikuwa nayajua hayo yote kwa sikio la kushoto peke yake, maana la kulia aliliingia nyuki mwaka niliokwenda kurina asali kwa shemeji zangu kule Mungaa, na huyo nyuki ana habari zake ndefu, tumwache.

Tajiri alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mingi, naye alilelewa vizuri. Hata akija kukugombeza anakuamkia kwanza. Sasa wakati ule madukani yalikuwa yamejaa mafuta ya kutoka nje, yamewekwa kwenye madumu ya njano yanayopendeza macho, na ya kwetu yakawa yanadharauliwa na watu walioyala tangu utotoni. Tajiri akasafiri. Akaenda Dar es Salaam, akavuka na bahari mpaka kwa Waarabu, akarudi amevaa viatu vyeupe na maneno mapya. Akanikuta nafagia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, tajiri."

"Msimu huu mashine itajisemea yenyewe. Ikiumwa, itasema inaumwa wapi. Nimeona kwa wenzetu."

"Vizuri."

"Ikijisemea vizuri, wewe utapumzika nyumbani."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Sijasema umechoka, mzee wangu. Nimesema utapumzika."

Nikaenda nyumbani kumweleza mke wangu. Alikuwa anapepeta mtama, hakuacha. Akasema, "Wewe ukikaa hapa nyumbani mchana kutwa, mimi ndiye nitakayekwenda kuomba kazi kwa tajiri." Ndivyo alivyo. Lakini niliona ungo umeanza kwenda kwa nguvu, mtama unarukia kuku. Shamba letu lilikuwa dogo na la mawe, watoto wawili walikuwa bado wanasoma, na mimi kitu nilichokuwa nakijua duniani ni ile mashine. Mimi na mke wangu tulikuwa tumeelewana bila kusema.

Mafundi wakaja wawili. Mmoja alikuwa mwanamume wa Dar, mrefu, ana nywele za kuchongwa. Alinipa mkono akasema, "Mambo, mzee!" Nikauliza, "Mambo gani?" Akajibu mwenyewe, "Poa!" akapita. Wa pili alikuwa mwanamke mzima wa miaka kama thelathini, mwenzetu, Mnyiramba, aliyelelewa na bibi yake upande wa Kiomboi kabla ya kwenda kusoma mbali. Huyu alishuka kwenye gari amekumbatia ile televisheni ya kompyuta kwa mikono miwili, aliponiona akapiga goti aniamkie, mzigo ukamvuta mbele, ikabidi niidake televisheni na marahaba ikanitoka nikiwa nimeinama. Tangu siku hiyo nikamwita binti, naye akaniita babu, ingawa sikuwa na umri wa kuwa babu yake. Nywele zilikuwa zimenisaliti.

Walifunga vipima joto kwenye beringi, wakaweka swichi ndogo kwenye mkanda, kwenye milango ya ghala, chini ya gunia la pumba ninalokalia, na kwenye kifuniko cha grisi, ili kikifunguliwa kompyuta ijue. Halafu wakakaa chini kuandika programu. Nilidhani programu ni kitu cha kufunga kwa spana. Kumbe ni maneno. Wanaandika maneno siku nzima kama makarani.

"Mashine itasemaje sasa?" nikamuuliza binti.

"Kwa daftari, babu. Sisi tunaita logi. Kila jambo likitokea, programu inaandika: saa fulani, jambo fulani."

"Unalitengeneza wewe hilo daftari?"

"Hapana. Daftari walishalitengeneza watu wa mbali, mafundi wote tunalichukua kwao. Mimi kazi yangu ni kuliambia liandike maneno gani, liyaandike wapi, kwenye karatasi au humo ndani, na maneno yenyewe yana uzito gani. Kuna taarifa, kuna onyo, kuna kosa."

"Yanatofautianaje?"

Akafikiri. "Taarifa ni kama unamwambia mtu naye amekaa anakunywa chai. Onyo, unamgusa bega. Kosa, unapiga yowe."

Nikaelewa kabisa. Nimesikiliza wahubiri wa kila dhehebu na sijawahi kuelezwa kitu vizuri hivyo.

Wakanikalisha wanihoji: unapoangalia mashine, unaangalia nini? Hapo walikosea, maana mimi nikiulizwa najibu. Niliwaeleza siku mbili. Nikawaeleza joto, mkanda, rangi ya mashudu, mlango wa ghala unaoingiza panya, upepo wa kutoka Mkalama unaopuliza vumbi kwenye mafuta. Binti akawa anauliza, "Hili nalo liandikwe?" Mwenzake akawa anasema, "Andika kila kitu, nafasi ipo tele."

"Ukiandika kila kitu hakuna atakayesoma," binti akasema.

"Nani kakwambia zinasomwa? Logi haisomwi. Inatafutwa siku ya balaa."

Wakabishana hivyo kwa adabu kidogo na Kiingereza kingi. Mwenye nafasi tele akashinda.

Wiki ya pili yule mrefu akaitwa Dar, akaondoka, akamwachia binti kazi iliyobaki. Siku ya tatu baada ya yeye kuondoka, tajiri akaja na printa. Alikuwa haamini maneno ya kwenye kioo. "Kioo kinafutika," alisema. "Nataka karatasi niishike." Karatasi zenyewe zilikuwa zimeungana, zina matundu pembeni, moja inavuta nyingine kutoka kwenye boksi. Tukawasha.

Sijapata kusikia makelele kama yale. Printa ililia kuliko mashine yenyewe. Sikio langu la kushoto likawa halisikii kitu kingine. Kila mlango ukifunguliwa, inaandika. Ukifungwa, inaandika. Joto likipanda nukta moja, inaandika, likishuka inaandika kwamba limeshuka. Katikati ya hayo yakatokea maneno ambayo hata binti aliyakodolea macho: NIMEFIKA HAPA 1. Baadaye kidogo, NIMEFIKA HAPA 2. Kisha NIMEFIKA HAPA 2 TENA. Kisha MBONA SIELEWI.

"Nani huyo amefika?" nikauliza.

Binti akashika kichwa. "Ni mwenzangu. Fundi akitafuta programu inakwama wapi, anaweka maneno njiani, kama mtu anayevunja vijiti porini asipotee. Alitakiwa kuyaondoa. Ameyasahau."

"Yako mangapi?"

"Sijui, babu. Ameyatawanya."

Jioni boksi likawa limekwisha, na sakafu imefunikwa karatasi mpaka kwenye magoti. Mimi sikutaka karatasi hizo zitupwe kabla sijazisoma, kwa sababu nilijiambia: huyu ndiye mshindani wangu, lazima nijue anasema nini. Lakini mimi husoma kwa kidole. Nachukua herufi moja moja, naziunganisha, narudi nyuma kuhakikisha. Jumatatu ilinichukua mpaka Alhamisi. Kwa hiyo Alhamisi mimi nilikuwa najua vizuri sana mashine ilivyokuwa inajisikia Jumatatu.

Nilizokwisha kuzisoma alizichukua mama muuza maandazi wa pale barabarani, akafungia maandazi na karanga. Hapo ndipo Iguguno nzima ikaingia kiwandani. Mtu anamaliza andazi, anasoma karatasi. Madereva wa malori wakawa wanasimama kuuliza.

"Mzee, huyo aliyefika hapa mara ya pili, alishapokelewa?"

"Mzee, onyo linasema mkanda umelegea saa nne na robo. Ulikuwa wapi saa nne na robo?"

"Mlango wa ghala mara ishirini kwa asubuhi moja! Mnaingia kufanya nini humo?"

Hata katekista alinisimamisha nikitoka ibadani, akatoa karatasi mfukoni, ina mafuta, akaninong'oneza, "Hapa pameandikwa HAPA HAPAFIKIKI. Ni mahali gani hapo?" Nilimuuliza binti kesho yake. Akasema hilo ni neno ambalo mafundi huliweka mahali ambapo programu haiwezi kufika hata siku moja.

"Sasa limeandikwaje?"

"Programu imefika," akasema, na uso wake ukawa mdogo.

Tajiri akachachamaa. Alikuja mbio na viatu vyake vyeupe, akakanyaga mafuta, akateleza, akaamkia akiwa bado anatafuta pa kushika. "Shikamoo mzee. Binti! Hii ni mashine ya kukamua alizeti au karatasi? Nataka isiseme neno mpaka liwe neno la maana!"

Binti akakaa kwenye kompyuta siku moja. Akaliambia daftari: taarifa na maonyo yaandike humo ndani tu, kwenye karatasi liandike makosa peke yake. Tukawasha. Printa ikanyamaza.

Kimya kile, wacha nikwambie, kilikuwa kitamu. Siku ya kwanza, hakuna neno. Siku ya pili, hakuna. Tajiri akaja akaisimamia printa, akaweka sikio, akapapasa karatasi nyeupe kama anapapasa paji la uso la mtoto aliyepona homa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mashine haina hata kosa moja. Jumamosi ndiyo siku yako ya mwisho. Nitakuchinjia mbuzi."

 Mbuzi nawapenda lakini si kwa namna hiyo.

Sasa nifike kwenye sehemu yangu, maana nisipoisema mimi hakuna atakayeisema. Beringi ile hutiwa grisi kila asubuhi. Siku za makelele nilikuwa naitia mbiombio, kisha narudi na kidole changu kwenye karatasi. Lakini printa iliponyamaza nikanuna, kifuniko cha grisi sikukigusa tena. Nilikaa kwenye gunia nimekunja mikono, nikajiambia: si inajisemea? Basi ijisemee. Siku ya tatu nikasikia nyii kwa mbali. Nikanyanyuka, nikaenda kuangalia karatasi. Karatasi nyeupe. Nikarudi kukaa. Nikasikia tena, nyii. Nikaangalia tena karatasi. Nyeupe. Miaka yote hiyo sikio langu halijawahi kunidanganya, na siku ile nikaliacha nikaamini karatasi isiyo na neno.

Siku hiyohiyo, Jumatano, saa sita mchana beringi ikaungua. Moshi mweusi ulitoka kama tairi linachomwa, parafujo ikajibana, mkanda ukaruka ukapiga ukuta. Watu wa barabarani wakaja na ndoo za mchanga. Tajiri alipofika, hakuamkia. Hapo nikajua mambo ni mazito.

"Nani?" akasema.

"Mashine haikusema," nikasema mimi.

"Ilisema," binti akasema.

Wote tukamgeukia. Alikuwa amekaa kwenye kompyuta, anasoma kioo. "Ilisema siku zote. Imeandikwa humu ndani. Haikuja kwenye karatasi kwa sababu haikuwa na uzito wa kosa."

"Soma," tajiri akasema.

Binti akasoma kwa sauti ya mtoto anayesoma barua ya mwalimu mbele ya wazazi. "Jumatatu, saa mbili. Taarifa. Shikamoo mzee, kifuniko cha grisi hakijafunguliwa leo. Jumatatu, saa tano. Taarifa. Samahani mzee, beringi imeanza kupata joto. Jumanne, saa tatu. Taarifa. Mzee wangu, ukipata nafasi, grisi. Jumatano, saa tano na nusu. Taarifa. Mzee, tafadhali sana."

Watu wenye ndoo za mchanga walikuwa mlangoni. Mmoja akasema, "Jamani, ina adabu!"

"Beringi inaungua," tajiri akasema polepole, "na wewe unaita taarifa?"

"Mengine nimeyapa uzito sawasawa. Haya yalikuwa yanamhusu babu," binti akasema. "Nilianza kuandika kosa. Nikaona nimeandika Kosa, halafu mbele yake Mzee. Sikuweza. Bibi yangu angefufuka. Nikasema nitarekebisha baadaye. Baadaye tulipunguza karatasi, na mimi nikawa nimesahau kwamba haya ya grisi yako kwenye taarifa."

Tajiri akakaa kwenye gunia langu. Akamwambia binti, "Simama. Mtazame mzee. Mwambie amekosa."

"Mimi?"

"Kama wewe huwezi kusema, programu yako itasemaje? Sema."

Binti akasimama mbele yangu. Akapiga goti. "Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu."

"Bila goti!" tajiri akafoka.

"Babu, kama hutajali, kidogo umeko…"

"Ondoa kidogo!"

"Babu, labda umekosa."

"Ondoa labda!"

Akajaribu mara tano. Mara ya sita akafumba macho, akasema, "Babu umekosa, hukutia grisi," kisha akaanza kulia, na mwanamke mmoja mwenye ndoo akamkumbatia akanitazama mimi kwa jicho baya, kana kwamba ni mimi niliyemtukana.

Nikasema, "Ni kweli. Sikutia." Basi. Neno lenyewe halikuuma kama nilivyodhani.

Tajiri akanyanyuka. Beringi mpya ingetoka Singida mjini, ingefika Ijumaa. "Mpaka Ijumaa mkae wawili," akasema. "Maneno yote ya programu myapange upya, lipi kosa, lipi onyo, lipi taarifa. Mzee anajua mashine, wewe unajua kuandika. Jumamosi tunawasha. Ikisema sawasawa, mzee, mbuzi wako yuko palepale."

Umeona mtego huo? Nikimsaidia vizuri, mimi nje. Nikaenda nyumbani na hilo. Mke wangu alifikiri muda mfupi kuliko mimi.

"Mwambie kila kitu ni kosa," akasema.

"Kila kitu?"

"Mlango kosa, upepo kosa, panya kosa. Printa itapiga kelele mpaka tajiri aitupe barabarani mwenyewe. Wewe hutakuwa umegusa kitu."

Nikaona huyu ndiye aliyestahili kwenda shule.

Kesho yake tukakaa. Binti anasoma neno moja moja kwenye kioo, mimi natoa hukumu.

"Mlango wa ghala umefunguliwa."

"Kosa."

"Kufunguliwa tu, babu?"

"Kosa kubwa."

Akaandika. Mkubwa amesema, abishe nini?

"Mlango umefungwa."

"Kosa."

Hapo aliniangalia kidogo, lakini akaandika. Tukaenda hivyo, kosa, kosa, mpaka maneno kama kumi na tano. Kisha akafika kwenye moja, hakulisoma, akalipita.

"Hilo umelirukia nini?"

"Hilo lilikuwa kosa tangu mwanzo. Halina haja ya kubadilishwa."

"Lisome."

Akasoma: "Kosa. Mtu amekaa karibu mno na mkanda, zimeni mashine."

Mtu anayekaa karibu na mkanda pale kiwandani alikuwa mmoja. Ni pale pembeni, pana upepo mzuri, na nimepakalia miaka yote. Kile kiswichi walichofunga chini ya gunia langu sikuwahi kukiuliza ni cha nini. Na kumbe katika maneno yale yote niliyowaeleza siku mbili, binti huyu alipofikia kuchagua jambo moja la kupigia yowe kwa ajili yangu, alichagua hilo, ambalo mimi sikumwambia.

"Mbona halijawahi kuandikwa?" nikauliza.

"Gunia lako lina unene sana, swichi haibonyei. Nilikuwa nasubiri pumba ipungue."

Nikakohoa. Nikamwambia, "Rudi mwanzo."

"Wapi, babu?"

"Kwenye mlango. Mlango kufunguliwa ni taarifa. Kufungwa usiandike kabisa, mlango uliofungwa una habari gani?"

Tukarudia yote, siku ile na Ijumaa asubuhi wakati wenzetu wanagonga beringi mpya mahali pake. Tukatafuta na zile NIMEFIKA HAPA, tukazing'oa moja moja kama kupe, zilikuwa kumi na tisa. Mwisho yakabaki makosa sita tu. Manne kati ya hayo yalikuwa yangu: grisi na kifuniko chake, mkanda, kulisha alizeti kwa pupa, na kukaa pale penye upepo. Binti alisita kwenye kila moja, nami nikawa namwambia, "Andika kosa, mwanangu, andika." Neno Mzee akaniomba libaki. Nikamruhusu. Shikamoo nikamkatalia.

Sikumwambia mke wangu.

Jumamosi tajiri alikuja na kiti, akakaa mbele ya printa, shati jeupe, viatu vyeupe. Mbuzi alifungwa nje, analia. Tukawasha. Mashine ikaunguruma vizuri, mafuta yakaanza kushuka, mashudu yakatoka. Saa nzima printa haikusema. Tajiri akaanza kutabasamu, na mimi nikaanza kumtazama yule mbuzi.

Ghafla printa ikapiga mstari mmoja. Tajiri akaudaka kabla haujamalizika kutoka. Akasoma: "Kosa. Mzee, grisi."

Nilikuwa nimesahau tena. Sikufanya makusudi, naapa. Asubuhi ile kichwa changu kilikuwa kwenye mambo ya kuaga. Nikanyanyuka nikachukue kopo. Tajiri akaniwekea mkono kifuani.

"Kaa, mzee. Imeshasema yenyewe. Sasa mtu yeyote anaweza kutia." Akakunja mikono ya shati, akachukua kopo.

Kifuniko kile kina namna yake. Unakibana kwa kiganja ukizungusha, la sivyo grisi ya zamani iliyopata moto inakurukia. Nilifungua mdomo nimwambie, akasema, "Nimeona kwa wenzetu." Basi nikakaa. Grisi ikamrukia shati, ikamrukia kidevu, ikatandaa kwenye kiatu cha kulia. Akatia grisi mpya kwa fujo, nusu ndani nusu chini, akarudi anajifuta. Printa ikalia.

"Inasemaje?" akauliza, maana mikono ilikuwa michafu.

Binti akasoma kwa sauti kubwa, bila kupiga goti, bila labda: "Kosa. Mzee, hujafunga kifuniko."

"Mimi siyo mzee!" tajiri akaiambia printa.

Akarudi kufunga. Akafunga upande. Printa ikalia. Akarudi. Ikalia. Mara ya tatu alisimama kati ya mashine na karatasi, grisi inamdondoka kwenye vidole, joto la beringi limeanza kupanda, na mimi sikio langu likasikia ule mlio mdogo wa mwanzo kabisa, ambao kompyuta ilikuwa bado haijauona. Sikusubiri ruhusa. Nikaenda, nikabana kwa kiganja, nikazungusha, kikakaa. Printa ikanyamaza.

Tajiri alinitazama. Akatazama karatasi. Akamtazama binti, kama anataka kumuuliza ikiwa kuna programu ya kubana kwa kiganja, akaona asiulize.

"Jumatatu uje mapema," akaniambia. "Na huyo mbuzi mfungueni, ananipigia kelele."